Ukumbi wa Mwalimu: Akiba Haiozi, Lakini Kamera Huota Kuvu



Mwaka umezunguka tena na kitabu chetu kinadai ukurasa wake. Mwaka jana katika ukumbi huu tulizungumza juu ya kuandika majina nyuma ya picha za zamani, na baadhi yenu mlinipigia simu kusema kuwa mmeanza. Mwaka huu nataka tukizungumzie chombo chenyewe kinachopiga picha hizo. Nitaanza kwa kukiri kosa langu, maana mwalimu anayeficha kosa lake hana uso wa kusahihisha la mwanafunzi.

Marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu, alinunua kamera yake mwaka 1981 huko Matrah. Ilikuwa Pentax K1000, kamera ya chuma, nzito kama tofali, ambayo haitaki betri ila kwa ile sindano ya kupimia mwanga tu. Wengi wenu mnaosoma hapa mmo ndani ya picha zake. Yeye ndiye aliyepiga harusi zetu za Ruwi na Seeb. Yeye ndiye aliyesimama uwanja wa ndege kuwapiga jamaa waliokuwa wakiwasili na masanduku yaliyofungwa kamba. Idi zote za miaka ile ni zake. Mazikoni tu hakupata kuichukua.

Alipofariki mwaka 2009, shemeji yangu alinikabidhi kamera ile ndani ya mkoba wake wa ngozi, watoto wote wakiwa wamekaa. Akasema, "Shemeji, hii naiweka kwako amana, mpaka atokee mmoja wao aitake." Nikaipokea kwa mikono miwili.

Sasa nisikilizeni nilivyoitunza. Niliiacha ndani ya mkoba wa ngozi, mkoba nikautia katika mfuko wa nailoni, mfuko nikaufunga fundo, nikauweka kabati la juu nyuma ya mashuka, nikafunga kabati kwa ufunguo. Nilijiona mtunzaji hodari. Katika miaka kumi na tano niliitoa mara moja tu, mwaka 2015, tulipokwenda Salala na watoto wakati wa Khareef. Mliowahi kufika kule kati ya mwezi wa saba na wa nane mnayajua manyunyu yale na ule ukungu unaoshuka milimani mpaka ng'ombe na ngamia hawaonekani. Tukapiga picha, tukafurahi, nikairudisha mkobani ingali na unyevu, nikafunga fundo langu kama kawaida. Haikutoka tena mpaka mwaka 2024.

Mwaka huo binti mdogo wa marehemu alinijia. Vijana wa leo, pamoja na simu zao zote, wamerejea kwenye filamu, na yeye ni mmoja wao. Akaniambia, "Ami, naitaka kamera ya Baba." Nikamjibu palepale, wala sijanyanyuka kitini, "Ipo mwanangu, na ipo salama."

Maneno yale yananiuma hadi leo. Jioni nilipofungua fundo, harufu ilinipokea kwanza, harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Ngozi ya mkoba ilikuwa imeota koga nyeupe kwenye mishono. Nikaitoa kamera, nikaifuta, nikaigeuza taani. Ndani ya lenzi, yaani kile kioo cha mbele tunachokiita jicho la kamera, niliona nyuzi nyeupe nyembamba, zimeanzia ukingoni zikitambaa kuelekea kati, mfano wa mizizi ya mche wa mpunga uliong'olewa. Nikapuliza, nikafuta kwa kitambaa, nikapuliza tena. Hazikutikisika. Zilikuwa upande wa ndani wa kioo, na mimi nafuta upande wa nje.

Siku ya pili binti akapiga simu. Nikamwambia nimeipeleka kusafishwa kidogo. Kamera ilikuwa mezani mbele yangu.

Hebu tuliangalie jambo lenyewe. Sisi tuliokulia Unguja tunaijua koga. Wakati wa masika viatu vya skuli ukiviacha chini ya kitanda wiki moja vilikuwa vinaota ndevu, na mas-hafu ya chuoni yalikuwa yanaanikwa jua likitoka. Tulipohamia huku tukajisemea kuwa hii ni nchi ya jangwa na mambo yale tumeyaacha ng'ambo. Hapo ndipo tulipokosea. Maskati iko kando ya bahari, na usiku wa kiangazi hewa yake huwa nzito kwa mvuke hata miwani ikaingia ukungu mara mtu anapotoka mlangoni. Tena sisi tumeongeza letu. Chumba ni baridi kwa kiyoyozi na nje ni moto wenye mvuke. Mnajua gilasi ya maji baridi ikitolewa uani inavyotoka jasho. Kamera nayo hutoka jasho vivyo hivyo, nje na ndani, na jasho la ndani halina wa kulifuta. Kisha tunapofunga nyumba kwenda likizo tunazima viyoyozi, na kabati linabaki na joto na unyevu wake mwezi mzima.

Na jamaa zetu mlioko Uingereza msicheke. Nyumba zenu wakati wa baridi madirisha yamefungwa, nguo zinakaushwa ndani, na kabati limeegemea ukuta wa nje ulio baridi. Livuteni mbele muone nyuma yake pana nini.

Kuvu si uchafu wala kutu. Ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona, nazo zimo hewani kila mahali, kwa hiyo hakuna kamera isiyokuwa nazo. Zinalala tu zikingojea mambo manne: unyevu, joto la wastani, giza na hewa iliyotulia. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa, mbegu huamka. Chakula chake ni kidogo mno: vumbi, mafuta ya kidole, grisi ya ndani ya lenzi. Ikishakula hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo adui wa kweli. Juu ya kioo cha lenzi pana utando mwembamba sana unaokipa ile rangi ya zambarau au ya kahawia ukikielekeza dirishani. Kazi yake ni kuzuia mwanga usirudi nyuma, na ufundi huo kampuni ya Zeiss ya Ujerumani iliusajili mwaka 1935. Asidi ya kuvu huula utando huo, na ikiachwa miaka hukila kioo chenyewe. Kuvu unaweza kuisafisha, lakini kioo kilicholiwa hakirudi.

Wala si jambo geni. Katika Vita Vikuu vya Pili majeshi yaliyopigana kwenye misitu ya New Guinea yaliona darubini zao zikiota kuvu ndani mpaka zikawa hazionyeshi kitu, na wataalamu wa Australia wakawekwa kazi ya kutafuta dawa. Basi ikiwa darubini za jeshi zilishindwa, sembuse kamera iliyofungwa fundo la nailoni.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo nataka muisome polepole. Si kila kinachoonekana ndani ya lenzi ni kuvu, na watu wengi hutupa kamera nzima kwa kuogopa kitu kisichokuwapo. Namna ya kuangalia ni hii. Kama lenzi inatoka, itoe kwenye kamera. Zungusha pete ya tundu la mwanga mpaka kwenye namba ndogo kabisa, ambayo kwa lenzi ya marehemu ni 2, ili tundu lifunguke lote. Ingia chumba chenye giza. Washa tochi, hata ya simu yatosha, uimulike kwa nyuma ya lenzi, lakini kwa pembeni kidogo na si moja kwa moja, kisha tazama kwa mbele. Halafu geuza, umulike mbele utazame kwa nyuma. Sasa pima unachokiona.

Ukiona chembe chembe zilizotawanyika ovyo, hilo ni vumbi. Lenzi yoyote iliyotumika ina vumbi, na picha haidhuriki. Usiliguse.

Ukiona weupe uliotandaa kioo kizima sawasawa, kama pumzi juu ya kioo cha dirisha, huo ni utandu wa mafuta. Mara nyingi ni grisi ya ndani iliyoyeyuka kwa joto ikarukia vioo. Na hapa nawaambia akina mama kwa adabu: moshi wa udi na ubani tunaoufukizia makabati nao huacha utandu juu ya kioo. Nguo zifukizeni, kamera itoeni kwanza.

Ukiona rangi za upinde wa mvua, au mfano wa mapovu yaliyobanana ukingoni, hiyo ni gundi inayounganisha vioo viwili, imeanza kuachia. Hiyo si kuvu, na kuitengeneza ni kazi ngumu yenye gharama.

Lakini ukiona nyuzi zenye matawi, au duara zenye miali kama nyota, au utando wa buibui unaoanzia ukingoni kuja kati, hiyo ndiyo kuvu. Yangu ilikuwa nyuzi zenye matawi. Sikuwa na pa kukimbilia.

Nilifanya nini? Nilifanya alivyofanya bibi yetu kwa viatu vya skuli, niliianika juani. Nilikuwa nimesikia kuwa jua huua kuvu. Nikapanda darini saa nne asubuhi, nikatandika mkeka wa ukili aliotumiwa mke wangu kutoka Pemba, nikapanga matofali mawili, nikailaza lenzi katikati yake, uso juu, ili jua lipenye vizuri. Nikashuka kunywa chai. Niliporudi nilikuta moshi mwembamba unapanda, na mkeka una tundu jeusi kiasi cha sarafu. Mimi niliyesomesha watoto wa watu kuwa kioo kilichobinuka hukusanya miali ya jua mahali pamoja nilikuwa nimesahau kuwa lenzi ni kioo hicho hicho. Mke wangu hakusema neno. Aliukunja mkeka, akauweka mahali ambapo ningeuona kila siku.

Basi juu ya jua nawaambia hivi. Ni kweli kwamba miali yake inaweza kuiua kuvu, lakini kuvu iliyokufa haianguki. Inabaki palepale na nyuzi zake, na alama za asidi yake hazifutiki. Na joto huyeyusha grisi ikateremka kwenye vile vipande vyembamba vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu, vikaanza kugandana. Kwa hiyo unapata hatari ya moto na hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Baada ya hapo nikaenda dukani. Kijana wa duka moja aliitazama kwa nukta moja akaniambia nitupe. Nikatoka nimeinamisha kichwa. Jamaa mmoja ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Ruwi, Mhindi mtu mzima ambaye amekuwa akitengeneza kamera tangu tulipokuwa na nywele nyeusi. Kijiduka chake kina meza moja na taa moja. Akamulika kama nilivyoeleza hapo juu, akatazama muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kiarabu chake cha sokoni, "Kuvu iko nyuso mbili za ndani. Kusafisha itatoka. Alama sijui mpaka nifungue."

Akaongeza jambo ambalo fundi mwengine angelificha. Alisema kuwa lenzi za aina hii zilitengenezwa nyingi sana, na iliyotumika yenye afya yaweza kupatikana kwa bei ndogo kuliko ujira wake. Kwa hesabu alisema kweli, na nyinyi mkiwa na lenzi ya kawaida iliyoota kuvu, fuateni hesabu: nunueni nyengine. Lakini mimi nilifikiri kuwa kioo hiki ndicho kilichokuwa kati ya jicho la kaka yangu na nyuso zetu sote. Nikamwambia afungue.

Akaniruhusu nikae nitazame. Alibana kipande cha mpira juu ya pete ya mbele, akaizungusha ikatoka. Kisha akachukua spana ya ncha mbili, akaziingiza kwenye vijitundu viwili vilivyo ukingoni, akazungusha taratibu kama mtu anayefungua mkufu wa mtoto aliyelala. Kila kioo alichokitoa alikipiga alama kujua upande wake, maana kioo kikirudi kinyume lenzi imekwisha. Dirisha lilikuwa wazi na glavu mkononi. Akachanganya kidogo haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa na amonia, akachovya pamba safi, akafuta kutoka kati kwenda ukingoni, pamba moja kwa mara moja, kisha akamalizia kwa spiriti safi.

Nimeyaeleza haya mpate kujua kazi inavyokwenda, si mkaifanye jikoni. Lenzi ikifunguliwa na asiyejua, pete huchubuka, vioo hupotea nafasi, na picha haziwi kali tena maisha. Na katu msichanganye amonia na maji ya klorini ya kufulia. Hutoka hewa ya sumu ambayo inaweza kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Kama kuvu iko uso wa nje peke yake, hapo mnaweza kufuta wenyewe kwa kitambaa laini na dawa ya kusafishia lenzi. Ikiwa ndani, pelekeni kwa fundi, na pelekeni mapema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nyuzi zote zilitoka. Fundi akanipa kioo cha pili nikitazame chini ya taa. Karibu na ukingo palibaki alama mbili hafifu, kama nyayo za mdudu juu ya mchanga mkavu. Asidi ilikuwa imekwishakula utando pale. Nikamuuliza kama zitatoka. Akatikisa kichwa. Akasema, "Picha haziharibu. Ukielekea jua, utaona weupe kidogo. Weka kofia mbele ya lenzi." Kisha akauliza kamera ilikuwa ikitumika mara ngapi. Nikamwambia mara moja katika miaka kumi na tano. Akasema, "Ingetumika kila mwezi, isingekuwa hivi." Alibadilisha na ile sponji nyeusi ya ndani, ambayo kwa uzee ilikuwa imegeuka kama lami, akanirudishia kamera. Mkoba wa ngozi alikataa kunipa. Alisema umejaa kuvu na ngozi hunyonya unyevu, akautia ndani ya mfuko, mfuko kwenye pipa. Niliumia, kwa sababu jina la kaka lilikuwa limeandikwa ndani ya kifuniko kwa kalamu ya wino. Lakini alikuwa na haki.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilikwenda nyumbani kwa shemeji. Nilimtaka yeye na binti wakae pamoja. Nikaiweka kamera mezani, nikawaeleza yote, tangu fundo la nailoni mpaka ule uongo wa simu na tundu la mkeka. Nikawaonyesha alama mbili kwa tochi. Nikasema, "Amana ilikuwa kwangu na nimeipunguza. Naomba radhi." Shemeji alikaa kimya. Kisha akasema, "Shemeji, na mimi ninayo nguo yake ya harusi ndani ya sanduku. Sijaifungua tangu alipoondoka. Sasa naogopa." Akainuka akaenda kulifungua, na binti akamfuata. Nguo tuliikuta na madoa, lakini inafulika.

Binti aliirudia kamera, akatia filamu ya picha 36, akampiga mama yake papo hapo mlangoni ameishika ile joho mikononi, mwanga ukimjia kutoka nyuma. Picha hiyo nimeiona. Upande wa kushoto kuna weupe kidogo, kama alivyosema fundi. Uso wa shemeji unaonekana vizuri kabisa.

Sasa mambo ya kufanya, nayapanga kwa ufupi ili mkate ukurasa huu mkauweke ndani ya mlango wa kabati.

La kwanza, msitunze kamera ndani ya mkoba wa ngozi wala nailoni iliyofungwa. Chukueni kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kama vile vya kuwekea vyakula, mtie ndani pakiti za silika jeli. Zile zenye chembe za rangi ya chungwa hubadilika rangi zikishiba maji, mkazikausha kwenye joko kwa moto mdogo kama yalivyo maelezo ya pakiti, zikatumika tena. Msitie mchele, una vumbi na unga. Msitie nafutalini, mvuke wake hushika kwenye kioo.

La pili, tieni ndani kipima unyevu kidogo. Siku hizi kinauzwa kwa bei ya sahani mbili za biriani. Unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 50. Ukipita 60 kausheni silika jeli. Ukishuka sana chini ya 30 nao si mzuri, grisi ya ndani hukauka. Wenye lenzi nyingi na uwezo, yapo makabati makavu ya umeme yanayojirekebisha yenyewe.

La tatu, mkitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje, iacheni kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa au zaidi, ipate joto la nje kidogo kidogo, ndipo muifungue. Jasho litashika mfuko badala ya kioo.

La nne, mkitoka Salala, au baharini, au mvuani, kaifuteni kamera muiache wazi chumba kikavu usiku mmoja kabla ya kuifunga.

La tano, mkinunua lenzi iliyotumika, nendeni na tochi. Muuzaji asiyekubali imulikwe, mwacheni na lenzi yake. Na iliyoota kuvu msiiweke kisanduku kimoja na nzima mpaka isafishwe.

La sita, angalieni na filamu zilizosafishwa na picha zenyewe. Zile filamu za zamani zina tabaka la jelatini, nayo ni chakula cha kuvu. Mkiona madoa ya koga msizioshe kwa maji kamwe, kwa sababu jelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka majini na sura ya mtu ikaondoka nayo. Zipelekeni mahali pakavu, mpige nakala, ndipo mtafute mjuzi.

La saba, na ndilo kubwa: tumieni. Kamera inayotoka kila mwezi inapata mwanga na hewa, na mwenyewe anaiona ikianza kuugua. Wazee wetu walisema akiba haiozi, na kwa fedha na maneno sina la kupinga. Lakini vyombo vya marehemu wetu tunavifungia kwa mapenzi, kisha tunavikuta vimeoza kwa mapenzi hayo hayo. Mimi sikuipuuza kamera ya kaka. Niliiheshimu mno hata nisiiguse, na heshima hiyo ndiyo iliyoiotesha kuvu.

Basi wiki hii, kabla kitabu hiki hakijarudi rafuni, kila mmoja afungue kabati moja. Toeni kamera, toeni albamu, toeni na mas-hafu ya babu na kanzu yake. Mkikuta salama, mshukuruni Mungu na mviache vipumue. Mkikuta kuvu, msione haya, semeni mapema kwa wenye haki navyo. Niliyoyaona mimi ni kuwa kulisema ni kwepesi kuliko kulificha.

Kamera sasa iko kwa mwenyewe. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi binti huja nayo hapa kwangu, tukaimulika kwa tochi pamoja, nikapigwa picha nikitaka nisitake. Mkeka ungali na tundu lake.

Tukutane mwakani, inshaallah, tukijaaliwa uhai na afya. Wabillahi tawfiq.

Wenu,
Mwalimu